Jumamosi tunapika kiburu
Wapendwa habari za jioni, Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwangu hapa Moshi tupike kiburu, ndizi na maharage basi, hakuna nyama wala maziwa, na jamani sio chakula cha shida, bibi zetu wamekula hivi miaka yote. Anayeleta maharage ayaloweke Ijumaa usiku na yale maji ayamwage, yanaiva haraka na tumbo halijai gesi. Ndizi ntapitia Mbuyuni mwenyewe. Wakati wa kumenya tupake mafuta mikononi, ule utomvu ukigusa kanga hautoki. Alafu mlioacha kabisa maziwa na mayai, vitamini B12 kwenye mboga hamna, hata mnafu hauna, naomba sana mtafute vidonge vyake. Nani ana mwiko mkubwa?