Leteni vizibo vya soda, sio hela

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mi ni mwalimu wa darasa la kwanza shule moja ya serikali huku Morogoro, nina watoto 90 na kitu, wanabanana kwenye madawati na ubao ni mmoja. Tangu 2016 elimu bila malipo ilipoanza watoto wamejaa na ni jambo zuri kabisa, ila vifaa vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndo shughuli.

Basi mwaka huu nikachoka kusubiri, kwenye kikao nikawaambia wazazi sitaki hela, leteni vizibo vya soda, maboksi, kalenda za zamani, viroba vitupu. Fundi cherehani akatoa vipande vya vitambaa, seremala akaleta mabaki ya mbao tukachonga herufi. Mhariri we! Mtoto aliyekuwa anasinzia kipindi cha kutoa saivi anapanga vizibo kumi chini, anaondoa vinne, anapiga kelele "sitaaa!" na kona moja tumefungua duka, wanauziana maboksi matupu ya sabuni na chenji wanarudishana, wengine wananipunja hata mimi.

Ila wafadhili nao jamani muulize kwanza. Tuliwahi kuletewa boksi zima la vitabu vya Kiingereza, watoto wanacheza kwenye theluji, vimekaa stoo mpaka panya ndo wanavisoma. Mtoto hajajua ba be bi bo bu theluji ya nini?

Shida yangu saivi ni kabati lenye kufuli, maana watoto wa la nne wananiibia vizibo wakachezee drafti.

Mwalimu, Morogoro