Tukague mipangilio ya inveta, si paneli tu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu lalamiko ambalo sisi mafundi wa sola hatuishi kulisikia: jua linawaka, paneli zimejaa juu ya paa, lakini umeme wa gridi ukikatika na nyumba nayo inazima. Je, mteja ameuziwa kitu kibovu?

La. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiwa ni ile ya kawaida ya kuungana na gridi, haitengenezi wimbi lake yenyewe. Inalisoma la gridi, la hezi 50 au 60 (mizunguko kwa sekunde, ndiyo masafa) kulingana na nchi, kisha inasukuma umeme wa paneli sambamba nalo. Wimbi likitoweka, lazima ijitoe. Kiwango cha kiufundi cha IEEE 1547, cha chama cha wahandisi wa umeme IEEE, kinaipa sekunde 2 tu. Sababu ni fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Tena transfoma haichagui upande: volti 230 za nyumbani zikiiingia kinyumenyume, zinatokea ng'ambo zikiwa maelfu. Kwa hiyo anayekuahidi kuichokonoa inveta "isizimezime ovyo" mfukuze. Ukitaka taa ziwake gridi ikiwa imekatika, nunua inveta ya betri yenye swichi inayokutenga kwanza na gridi. Ni ghali zaidi, ndiyo.

Lakini kujitoa upesi mno nako kuna balaa lake, na hili halizungumzwi. Ujerumani iliwahi kuzitaka inveta zizime mara masafa ya gridi yanapofika hezi 50.2. Sola zilipokuwa chache, haikumuumiza mtu. Zilipoongezeka ikabainika kwamba mchana mmoja wa jua kali ungetosha kupoteza maelfu ya megawati kwa mpigo, na mwaka 2012 ikatoka amri ya kurekebisha mifumo zaidi ya 300,000 iliyokwisha kufungwa. Huko California nako, tarehe 16 Agosti 2016, moto wa nyika ulileta hitilafu kwenye njia kuu za umeme, na karibu megawati 1,200 za sola zikatoweka. Inveta nyingi zilidhani masafa yameporomoka. Hayakuporomoka, zilisoma vibaya.

Toleo la 2018 la IEEE 1547 likabadili mwelekeo: inveta ivumilie mtikisiko mfupi na isaidie kushikilia volti. Inveta nyingi za siku hizi zinao uwezo huo, ila haufanyi kazi ipasavyo mpaka mtu afungue menyu na kuchagua kanuni za gridi husika. Hapo ndipo tunapokwama. Mkaguzi anahesabu paneli, anatazama mita, anatia sahihi, anaondoka. Menyu haiguswi.

Matokeo yake utayaona kwenye nyumba za mwisho wa laini. Saa sita mchana watu hawapo, matumizi ni kidogo, na sola za majirani zote zinasukuma umeme kwenye waya uleule. Volti zinapanda, 240, 248, zikivuka 253 inveta inazima. Volti zikishuka, kioo kinaanza kuhesabu, mara nyingi sekunde 300, kabla ya kuunganisha tena. Inaunganisha, volti zinapanda, inazima. Mwenye nyumba analaumu paneli, muuzaji analaumu gridi, na saa zenye jua la kuzalisha zinapita bure. Mara nyingi ingetosha kuwasha mpangilio unaoifanya inveta ivute volti chini, au ipunguze uzalishaji taratibu badala ya kukata kabisa. Waya ukiwa mwembamba mno, hapo ni kazi ya wenye gridi.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya kuunganisha ni karatasi moja tu: kanuni ya gridi iliyochaguliwa, mipaka ya volti na masafa, na toleo la programu ya inveta. Isainiwe na fundi aliyefunga, na nakala abaki nayo mwenye nyumba. Na nenosiri la kiwandani la inveta libadilishwe siku hiyohiyo.

Wako,
Fundi wa sola