Sumukuvu ipimwe kwenye damu, si kwenye gunia tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu), kwenye mahindi. Habari za kuanika na kuhifadhi mmezieleza vizuri, ila jinsi inavyoleta saratani ya ini mmeipitia juu juu. Sumu hii haiingii mwilini ikiwa kali kiasi hicho. Ini lenyewe ndilo linaloinoa. Vimeng'enya vyake, protini zinazojaribu kuisafisha, huigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA, yaani vinasaba vya seli. Vipande vinavyobanduka hutoka na mkojo kwa siku moja mbili. Sehemu nyingine hushika albumini, protini ya damu, na albumini hukaa. Ukipima sumu iliyoishika unajua mwili ulipokea nini kwa miezi miwili mitatu iliyopita.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa maabara. Siku moja tulikuwa Kondoa na dodoso, nikamuuliza bibi mmoja amekula ugali siku ngapi wiki ile. Aliacha kuchambua mahindi yake, akanitazama. "Mwanangu, niulize siku ambayo sikula." Nikaandika 7. Kwa jirani yake, 7. Kitongoji kizima, 7. Hapo utamtofautisha nani na nani?

Watafiti wa Shanghai, China, walishakumbana na hilo. Wanaume 18,244 walitoa damu na mkojo kati ya 1986 na 1989, vikahifadhiwa, nao wakafuatiliwa. Waliyoyasema kuhusu chakula chao hayakuonyesha uhusiano na saratani ya ini. Mkojo ulionyesha. Waliokutwa na alama za sumukuvu, hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 3 ya wasio nazo. Wenye virusi vya homa ya ini B, mara 7. Waliokuwa na vyote viwili, mara 59. Hesabu hiyo haijumlishi, inapita hata kuzidisha, na kwetu vyote viwili vipo.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, 20 wakafariki, tukakimbilia maghala. Ilibidi. Lakini wale walikula sumu nyingi kwa mpigo. Saratani huletwa na kidogo kidogo cha miaka, ambacho hakimlazi mtu hata siku moja.

Naomba basi watafiti wetu wa saratani ya ini wapime sumukuvu iliyoshika albumini na homa ya ini B kwenye sampuli moja, badala ya kutegemea dodoso. Damu haikosekani. Siku ile Kondoa tuliichukua pia: tukapima malaria na wekundu wa damu, iliyobaki tukaimwaga.

Mstaafu wa maabara,
Dodoma