Paja la Krismasi na sosi ya choya

Brixton, London
8 Desemba

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, watoto wazima, mimi bado niko zamu za usiku. Barua yako niliisoma ndani ya basi nikitoka kazini. Nilipofika pale unaposema mawifi wote wanakuja Moshi Krismasi hii, na jiko umeachiwa wewe, nikasema huyu namjibu leo leo, usingizi utanisubiri.

Umeniuliza lile paja la nguruwe la kwenye picha nililipaka nini hata likang'aa vile. Nitakueleza lote, lakini acha nianze na choya, ile rosela nyekundu tunayochemsha kinywaji.

Krismasi yangu ya kwanza huku sikuwahi kukusimulia vizuri. Nilitoka kazini asubuhi, nyumba kimya, hata chai sikuwa na hamu nayo. Jirani yangu wa chini, bibi mmoja Mjamaika, akagonga mlango. Mkono mmoja ameshika sahani iliyofunikwa kwa foili, mkono wa pili bilauri ya kinywaji chekundu. Akaniambia kwao huitwa sorrel. Nikapiga funda moja, nikakaa chini. Choya, somo! Choya ile ile mama aliyokuwa akituchemshia, ila hii ilikuwa na tangawizi kali na ramu kidogo. Nililia mbele ya yule bibi bila aibu.

Mmea ni huo huo mmoja. Uliondoka Afrika ukafika visiwa vya Karibi enzi za biashara ya watumwa, na kule Jamaika huchanua siku zinapoanza kuwa fupi, hivyo mavuno yake yanaangukia karibu na Desemba. Kwao Krismasi bila sorrel haijafika. Na pembeni ya bilauri lazima pawe na hemu, yaani paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi na mara nyingi kupigwa moshi. Wengi hupaka sosi ya nanasi, sukari ya kahawia, karafuu na ramu. Yule bibi huongeza sorrel, na mimi tangu siku ile sijaona sababu ya kupika kwa namna nyingine. Sukari na nanasi peke yake huchosha mdomo kwenye kipande cha pili. Uchachu wa choya ndio unaokata mafuta.

Sasa sikiliza. Kwa paja la kilo 4, chukua konzi mbili za choya kavu, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji mpaka yawe mekundu ya kuiva kabisa, kisha chuja. Tia kikombe kimoja cha maji ya nanasi, kikombe kimoja cha sukari ya kahawia (sukari guru iliyokwaruzwa ni nzuri zaidi, ina ule weusi), tangawizi ya kutwanga, vijiko viwili vya haradali na maji ya ndimu moja. Wajamaika hutia pimento, punje kavu za mti wa kwao. Wahispania walizifananisha na pilipili manga, jina likabaki. Harufu yake utadhani mtu amechanganya karafuu, mdalasini na kungumanga. Usihangaike kuitafuta. Hivyo vitatu unavyo: karafuu tatu, kijiti cha mdalasini, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu.

Halafu tupia pilipili mbuzi moja nzima, usiitoboe. Hapo sina haja ya kukufundisha, ndivyo tunavyoiweka kwenye mchuzi. Nayo Jamaika wanayo ndugu yake, na wao huiacha ielee nzima kwenye wali wao wa maharage na nazi. Itoe kabla haijapasuka.

Acha sosi ichemke taratibu bila kufunika. Mwanzoni itakuwa na povu jepesi linalopanda haraka. Ikikaribia, povu huwa zito, mapovu makubwa yanapasuka polepole kama uji. Dondoshea tone kwenye sahani ya baridi, pitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, epua. Ndipo utie vijiko vinne vya ramu. Mama mkwe akikataa pombe, iache, hakuna kitakachoharibika.

Kuhusu nyama yenyewe: hemu ya dukani iloweke kwenye maji usiku kucha, chumvi ipungue, la sivyo sosi yako yote itapotea. Ukikosa hemu, nunua paja bichi buchani, lilaze kwenye maji ya chumvi na viungo ndani ya friji usiku mmoja. Haitakuwa hemu, lakini itakuwa nzuri. Ila nguruwe mbichi lazima aive mpaka kwenye mfupa, unajua habari za tegu, usimwonee mtu haya akikuharakisha. Funika kwa foili, oveni nyuzi 160. Ikiiva, menya ngozi ingali moto, acha mafuta unene wa nusu kidole. Yachanje kwa kisu mshazari, huku na huku, usifike kwenye nyama, na kila mistari inapokutana chomeka karafuu moja. Karafuu ya Pemba, kama bado unaipata kwa yule mama wa sokoni.

Na hapa ndipo naomba unisikie, somo. Usipake sosi mapema! Mwaka wangu wa kwanza kujaribu nilipaka tangu mwanzo, nikaenda kulala saa mbili nikijua nimemaliza kazi. Niliamshwa na harufu. Paja lilikuwa jeusi kama gome, chungu, na wageni walikuwa njiani. Iliniuma sana, maana nililinunua kwa akiba ya wiki tatu. Sukari haistahimili oveni ya saa nyingi, inapita kwenye wekundu inaingia kwenye uchungu. Yule bibi akanielekeza: nyama iive kwanza, sosi ipate nusu saa ya mwisho tu. Sasa napandisha moto hadi nyuzi 200, napaka kwa brashi safu nyembamba, nasubiri dakika kumi, napaka tena, mara tatu. Kwenye safu ya tatu siondoki mlangoni mwa oveni. Sosi huteremka kwenye ile michanjo, kingo za mafuta zinakuwa kama damu ya mzee, na karafuu zinasimama kama misumari.

Liache lipumzike dakika ishirini kabla ya kukata. Sosi iliyobaki weka mezani kwenye kibakuli. Mimi naila na ndizi za kukaanga.

Yule bibi sasa ana miaka themanini na mbili na magoti yanamsumbua, kwa hiyo mwaka huu sahani itapanda ngazi kwa mkono wangu, maana amehamia ghorofa ya tatu kwa mwanawe. Nilimwambia kwetu choya inaota uani. Akataka kujua inaitwaje, akalirudia jina mara nyingi mpaka likamkaa. Kama kuna mtu anakuja huku Januari, mpe mfuko wa ile unayoanika mwenyewe, nimpelekee.

Wasalimie shemeji na watoto. Nitumie picha kabla mawifi hawajalikata.

Ni mimi somo wako.