Tasnifu ya upasuaji na ratiba ya zamu

Ndugu Mhariri,

Madaktari wetu wa upasuaji husemwa kwamba hawapendi utafiti. Waulizwe kwanza ratiba yao. Anayesomea ubingwa ana miaka 3 ya masomo au zaidi kidogo, kutegemea chuo. Ndani yake apasue vya kutosha, azunguke wodini, akeshe zamu, kisha awasilishe tasnifu. Mwenye utumbo uliotoboka hasubiri. Tasnifu husubiri.

Chukua swali la kawaida, maambukizi ya kidonda cha upasuaji. Kupima kama utaratibu mpya unayapunguza kutoka asilimia 20 hadi 10, kwa vigezo vya takwimu vilivyozoeleka, kunahitaji wagonjwa wapatao 200 kila kundi. Ukiongeza wale watakaopotea, 220 na ushee. Kila mmoja afuatiliwe siku 30. Lakini mgonjwa huruhusiwa baada ya siku chache, akarudi kijijini, na namba aliyoacha ni ya shemeji. Kidonda kikitunga usaha anakwenda zahanati ya jirani, na fomu ya utafiti inabaki imeandikwa "hakuna maambukizi". Jibu likishaharibika hivyo, hakuna hesabu ya kulitengeneza. Wengi hukimbilia kupekua mafaili ya zamani, ambako mara nyingi hukuti saa iliyotolewa antibaiotiki wala saa ngozi ilipopasuliwa.

Dawa yake si ngumu. Mtakwimu aitwe kabla andiko halijapelekwa kamati ya maadili, si baada ya data kujaa kwenye kompyuta. Zichukuliwe namba mbili, moja ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, na apigiwe siku ya 14 na ya 30. Anayepiga alipwe, kumtwisha muuguzi bure ni kujidanganya.

Muda ndio mgumu. Uingereza ina nafasi za mafunzo ambazo robo ya muda wa daktari, hadi miaka 3, ni ya utafiti. Kwetu "siku moja kwa wiki" humezwa na zamu kabla ya saa nne asubuhi. Afadhali wiki 6 mfululizo, mara mbili, na kwenye karatasi ya zamu jina la atakayemshikia liwe limeandikwa tayari. Wanaohofia mkono kupoa wana hoja: katika wiki hizo abakiziwe siku moja ya thieta, ya upasuaji wa kupangwa tu, bila dharura.

Msimamizi wa tasnifu za upasuaji,
Moshi