Kabla hujavunja ukuta wa kati, uliza umebeba nini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wa Lamu, hasa sisi tunaokaa kwenye nyumba za mawe huku Mkomani na mitaa ya jirani, manake siku hizi tunavunja kuta na kupandisha vitu vizito juu ya dari na hakuna anayeuliza ule uzito unashukia wapi.

Mimi si injinia, lakini nimekulia kwa mafundi, babu yangu alikuwa fundi wa chokaa na mimi ndiye nilikuwa nikimbebea karai, na kila siku alikuwa akiniambia mwanangu uzito haupotei. Chochote utakachoweka juu lazima kifike ardhini. Kwanza dari inakipokea, dari inaegemea boriti, boriti zinaupeleka mzigo ukutani, ukuta unaushusha kwenye msingi na msingi ndio unaugawa kwenye mchanga. Ukiikata hiyo njia pahali pamoja tu ule mzigo hautangoja, utatafuta njia nyingine na mara nyingi njia yenyewe ni kichwani kwa mtu.

Angalia nyumba zetu zilivyo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, msana, yaani ukumbi mrefu wa mbele, halafu ndani, ndio chumba cha nyuma yake, na upana wa kila kimoja ni kama mita 2 na nusu hivi, kikizidi sana ni 3. Wageni huuliza mbona wazee walipenda kubanana, wala hawakupenda, ni boriti ndizo zilizowapangia. Boriti ya mkoko ni ngumu sana ila haiendi mbali, ukiirefusha inapinda, na kupinda kwenyewe hakuongezeki kidogo kidogo, ukilaza uzito uleule kwa kila mita halafu ukafanya nafasi kati ya ukuta na ukuta iwe mara 2 basi ile nguvu ya kuikunja katikati inakuwa mara 4. Na juu ya boriti hakuna mbao nyepesi, kuna mawe bapa ya matumbawe na chokaa iliyopigwa ikashikana, kwa hivyo ile dari tayari imejibeba yenyewe kwa shida zake kabla wewe hujaleta hata kitanda.

Sasa tuje kwa ukuta wa kati, ambao ndio ulionifanya niandike. Mtu akitaka kufungua duka au sebule kubwa ya wageni anaambiwa toa huu, huu si wa nje, ni wa kugawa vyumba tu. Jamani si kweli! Ukuta wa nje unabeba boriti za upande mmoja. Ule wa kati boriti za msana zimeulalia huku na za ndani zimeulalia kule, yaani mara nyingi ndio unaobeba zaidi nyumba nzima, na kama kuna ghorofa juu basi na ukuta wa juu nao umekaa papo hapo. Nimeona nyumba moja wameutoa wakaweka mapaipu 2 ya chuma, wakapaka rangi, wakafurahi. Paipu nyembamba ndefu haivunjiki kwa kupondwa, inapinda ubavuni ghafla, na ukiifanya ndefu mara 2 inabeba robo tu ya ile ya kwanza. Halafu ule mzigo uliokuwa umetandazwa kwenye ukuta wa nusu mita unene sasa umekusanyika kwenye vijipande 2 vya sakafu visivyozidi upana wa sahani, na chini yake hakuna msingi uliochimbwa kwa ajili hiyo.

Na matangi. Hili nimeliona kwa karibu, nyumba ya jirani, fundi wao aliwaambia weka tanki la lita 5,000 juu katikati ya dari, maji yashuke kwa nguvu. Lita 5,000 ni tani 5, ni sawa na kupanga mifuko 100 ya simiti pahali pamoja. Sakafu ya nyumba ya kuishi mainjinia huipigia hesabu ya kilo 150 mpaka 200 hivi kwa kila mita mraba, tanki kama hilo linafika karibu mara 10 ya hapo. Baada ya miezi michache zikaonekana nyufa juu ya daka, pale mlangoni pa kuingilia. Nikaitwa. Nilichukua bisibisi nikaichoma boriti katikati, ngumu kama jiwe, nikaichoma pale inapoingia ukutani ikazama kama kwenye boflo. Pale ndipo maji huingia na mchwa hujificha, na pale ndipo boriti yote imeegemea. Tuliyamwaga maji jioni ile ile, tukaweka nguzo za muda chini, na tanki sasa liko chini uani na pampu ndogo.

Kwenye ule ufa tulipaka kipande cha plasta kuuvuka, tukaandika tarehe kwa penseli. Ikikatika tutajua ukuta bado unatembea. Haina gharama, kila mwenye ufa nyumbani anaweza kufanya leo.

Ombi langu kwa wanaotoa ruhusa za ujenzi, msiangalie mlango wa nakshi na rangi ya nje peke yake. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na tunaulinda sura, vizuri, lakini tumeni mtu aingie ndani aangalie ncha za boriti na aulize tanki litakaa wapi. Na ukuta usiguswe mpaka dari ishikiliwe kwanza kwa nguzo pande zote mbili.

Kuna nyumba mtaani kwetu wanataka kuutoa ukuta wa msana wiki ijayo, na punda wa kubeba mawe yatakayobomolewa tayari wamepangwa. Nimemwomba mwenye nyumba angoje injinia aje kwanza, amenipa mpaka Jumamosi.

Mkazi wa Mkomani,
Lamu