Kwako unayempeleka mama mdogo Chennai

Mdogo wangu,

Habari ya safari nimeisikia kwa watu. Sawa. Viza imetoka, tiketi zimekatwa, na wa kumsindikiza mama mdogo ni wewe. Simu yangu hupokei, basi naandika hapa. Najua hapa hupita ukasoma, hata kama huachi alama.

Mambo ya hospitali utaelekezwa hukohuko. Mimi nataka kukuambia habari ya chakula, maana chakula ndicho kilichotufikisha hapa mimi na wewe.

Anza na neno lenyewe. Chennai, Madras ya zamani kabla hawajaibadili jina 1996, ukiona kibao cha "hotel" mara nyingi ni pa kula tu, kama tunavyosema hoteli huku kwetu. Usimburuze mgonjwa na mabegi ukaulizia chumba. Tafuta palipoandikwa "pure veg". Humo hakuna nyama wala samaki, na kwa kawaida hata yai hakuna, kwa hiyo swali la nani kachinja halipo kabisa. Maziwa, mtindi na samli vipo tele.

Halafu saa. Asubuhi ni tifini, yaani vyakula vyepesi: idli, dosa, vada ambazo ni kama bajia, na pongal. Wali, wenyewe wanauita "meals", hutoka mchana, kama saa sita hadi saa tisa. Jioni tifini inarudi. Hapo katikati, saa tisa na kitu, hoteli nyingi za bei ya chini utakuta kahawa na mabaki. Mgonjwa aliyeshinda kwenye foleni ya vipimo akitoka saa hiyo, na wewe hukununua kitu mapema, atakaa na njaa, nawe utasema India hakuna chakula. Saa saba mchana nayo iogope: watu husimama nyuma ya kiti chako wakingoja umalize, na meza unachangia na usiowajua. Mpeleke saa sita kasoro, au baada ya saa nane.

Kwenye hoteli ndogo unalipa kwanza kaunta, unapewa kikaratasi, unakipeleka dirishani, na wengi hula wakiwa wamesimama. Kwa mama mdogo tafuta yenye viti. Chumba chenye kiyoyozi bei yake huwa juu, chakula ni kilekile na jiko ni lilelile. Mhudumu akitikisa kichwa kushoto na kulia kama anayekataa, amekubali. Usirudie kuagiza, zitakuja sahani mbili.

Sasa idli, na hapa nisikilize. Rojo lake ni vipimo vinne vya mchele kwa kimoja cha choroko nyeusi zilizokobolewa, ambazo wao huziita urad, na uwatu kijiko kidogo. Mchele na choroko huloekwa mbalimbali kwa muda wa saa nne hadi sita, husagwa, huchanganywa, kisha huachwa kuumuka kwa muda wa saa nane hadi 12. Baada ya hapo ni mvuke, dakika kumi na kidogo, bila tone la mafuta. Ni ndugu wa chila zetu, ila yeye hapiti kikaangoni. Sahani moja kwa kawaida ni mbili. Ikiwa nzito na ngumu kama sabuni, rojo halikuumuka. Ikinuka uchachu mkali, limepitiliza, na kwa joto la Chennai hilo ni jambo la kila siku, hasa rojo la asubuhi likilazwa hadi jioni. Kwa hiyo idli ni ya asubuhi. Nzuri huivunji kwa nguvu, ukiigusa inaachia yenyewe. Mtu ambaye dawa zimemchubua kinywa anaimeza bila kutafuna. Mama sikumchagulia idli kwa kubana rupia.

Dosa ni rojo la jamii hiyohiyo, limetandazwa jembamba kwenye chuma cha moto. Iletwapo iliwe. Ikikaa dakika tano inalegea na kuwa ngozi. Usiimwagie mchuzi juu, vunja kipande uchovye. Ya masala ina viazi mviringo vya manjano ndani, havina ukali sana. Ukali uko kwenye ule unga mwekundu wanaouita podi, ambao huchanganywa na mafuta ya ufuta. Mama mdogo asiuguse. Chatne nyeupe ya nazi ndiyo pole kuliko zote, lakini ndiyo inayoharibika upesi. Nazi unaijua. Mchana wa joto ikianza kuchacha, isukume pembeni bila kuona haya.

Sema "kaaram vendaam", pilipili sitaki. "Podhum", yatosha. Hayo mawili yakariri kwenye ndege.

Nimefika kwenye sambar, na sambar ndiyo iliyokutoa maneno Mikindani.

Arobaini ya mama, chini ya mwembe, sinia la pilau limeshatua mbele ya mjomba na mkono bado hajanawa. Ukasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake jikoni: "Mama tulimpeleka India wiki tatu akalishwa majani, hela za ukoo zikarudi kwenye begi." Mjomba akanitazama. Hakusema kitu. Akanawa, akala. Tangu siku ile akikutana nami huniuliza habari za watoto, basi.

Majani gani? Jani pale lilikuwa moja, la mgomba, nalo lilikuwa chini ya wali. Sambar ni mbaazi! Mbaazi hizihizi zinazotoka Masasi na Nachingwea kwa magunia, zimekobolewa na kupasuliwa. India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kuingia kwao mwezi Agosti 2017, uliona mwenyewe zilivyododa huku. Zinachemshwa hadi zivunjike, zinatiwa maji ya ukwaju, bilinganya, vitunguu vidogo na matunda marefu ya mlonge, kisha bizari ya giligilani, pilipili kavu na uwatu. Mwisho mafuta ya moto: haradali ikipasuka yanafuata majani ya mchuzi na mvuje kidogo. Mbaazi, ukwaju, mlonge. Ungempikia mama kitu gani Shangani kilicho tofauti na hicho? Na kwenye pongal, ule wali uliopondeka pamoja na choroko, samli na pilipili manga, mlikuwa na korosho. Mama alizitenga pembeni akazihesabu, akasema hizi zimepanda meli kwetu. Ulikuwepo. Ulikuwa na simu.

Nirudi kwenye kazi. Mgawaji hupita na kindoo. Mbaazi hutuama chini, hivyo mwambie akoroge kabla ya kuteka, usikubali maji ya juu. Mlonge haumezwi. Unafyonza nyama ya ndani, nyuzi unaziweka pembeni.

Mchana, jani likitandikwa, ncha iwe kushoto kwa mlaji. Linyunyizie maji kidogo ulifute. Chumvi na achari hukaa juu kushoto, mboga nusu ya juu, wali nusu ya chini, na mkono ni wa kulia kama kwetu. Wali unaliwa kwa awamu: sambar kwanza, halafu rasam, mwisho mtindi. Rasam ni maji ya ukwaju, nyanya, bizari nyembamba na pilipili manga. Hutiririka, hivyo chimba kishimo katikati ya wali kabla hajamwaga. Wageni huchanganya vyote kwa pamoja kisha wakalalamika ladha ya udongo. Palipoandikwa "unlimited", wali, sambar, rasam na mboga huongezwa bure, ila papadi na kitamu mara nyingi ni mara moja. Ukifungiwa kwenda nacho hakuna nyongeza, na vyombo vyaweza kulipiwa. Wawili hamchangii jani moja. Usijaribu, utatuaibisha.

Siku tumbo likivurugika, agiza wali wa mtindi. Umepoa, hauna ukali, ila humo hujificha kipande cha pilipili mbichi, kiondoe kwanza. Chumvi amuulize daktari wake, lakini achari na papadi zina chumvi nyingi, huhitaji kipimo kujua hilo. Maji yawe ya chupa, na kizibo ukivunje wewe mwenyewe.

Risiti. Zitunze zote. Zitaonyesha kodi mistari miwili, 2.5 na 2.5, jumla asilimia 5, si kwamba umeibiwa. Andika tarehe nyuma, na aliyekula nini. Mimi sikuandika nyuma, nilidhani nasafiri na ndugu yangu. Risiti zenyewe ninazo, zimo kwenye bahasha ya kaki, na begi lile lilirudi na dawa. Mjomba akizitaka hata leo, nipo.

Ndiyo, mama aliomba samaki. Siku ya 19, jioni. Chennai ina bahari, samaki wapo, ningeweza kutafuta. Nilimwambia ngoja tufike nyumbani, kwa sababu sikumjua mpishi, wala sikujua samaki alivuliwa lini, na tumbo lake lilikuwa ndiyo kwanza limetulia. Tukafika nyumbani. Akala changu wa kuchemsha, kwa ndimu, vipande viwili, na mchuzi akaunywa. Hilo hukulisema chini ya mwembe. Labda hukulijua, hukuja wiki ile. Nimelifikiria sana hilo la wewe kutolijua, na kuna siku karibu nikupigie.

Mama mdogo akiomba samaki, sijui nikushauri nini. Uliza kwanza alikotoka.

Kahawa huja kwenye kikombe cha chuma kilichosimama ndani ya kibakuli. Chuma hicho kinaunguza, shika ukingo. Mimina kibakulini, rudisha kikombeni, mara tatu nne hadi ipoe. Huja na maziwa na sukari tayari, kwa hiyo ya mama mdogo waambie mapema isitiwe sukari, maana ikishachanganywa haitoki.

Na mkimaliza wali, jani hukunjwa kuja upande wako. Kulikunja kwenda mbele ni desturi yao ya msibani. La mama mdogo usilishike. Mwache alikunje mwenyewe.

Dada yako